Umebadilisha saizi ya matairi? Maswali kuhusu kurekebisha mita ya spidi

Wengi wanaofunga matairi makubwa au madogo kuliko yale ya kiwandani hurudi baada ya siku chache na swali moja: mbona mita na mwendo unaosomwa kwenye simu havikubaliani? Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi. Hesabu nimeziandika zote ili uzirudie mwenyewe kwa namba za tairi lako. Kama una haraka, anzia kwenye swali la kupima kwa simu. Kabla hujajua mita imepotoka kwa kiasi gani, usimlipe mtu yeyote kuirekebisha.

Nimebadilisha matairi tu. Mbona mita ndiyo imepotoka?

Kwa sababu gari halijui mwendo wake, linajua idadi ya mizunguko. Kiwandani waliliwekea kwamba gurudumu likizunguka mara moja, gari limesogea umbali fulani, tuseme mita 2. Basi linahesabu mizunguko kwa sekunde, linazidisha kwa 2, na mshale unapanda. Ukifunga tairi kubwa, mzunguko mmoja unalisogeza gari zaidi ya mita 2, ila lenyewe bado linazidisha kwa 2. Ni kama fundi cherehani aliyepewa futi iliyovutika: anapima kwa makini, anasoma namba vizuri, na nguo inatoka kubwa.

Kwa hiyo tairi kubwa huifanya mita isome chini ya mwendo halisi, na tairi dogo huifanya isome juu. La kuogopa ni lile kubwa. Unaona 80, umetulia, kumbe unakwenda 86. Kamera ya barabarani haitasoma dashibodi yako, na umbali wa kusimama kwa breki nao haufuati mshale.

Namba za ubavuni nazisomaje ili nipate kipenyo?

Chukua tairi lililoandikwa 265/65R17. Ile 265 ni upana kwa milimita. Ile 65 ndiyo huwachanganya watu: si milimita, ni asilimia. Ina maana kwamba urefu wa ukuta wa tairi, kutoka ukingo wa rimu hadi juu, ni asilimia 65 ya upana, yaani 172.25. Ile 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo rimu ina 431.8. Ukuta uko juu na chini ya rimu, basi unauhesabu mara mbili: 344.5. Jumla ni milimita 776.3.

Sasa tuseme umefunga 265/70R17. Upana uleule, rimu ileile, ila ukuta ni 185.5, na kipenyo kinakuwa 802.8. Gawa kipya kwa cha zamani: 802.8 kwa 776.3 ni 1.034. Hiyo 1.034 ndiyo uwiano wa matairi. Wako uandike mahali, maana marekebisho ya hapa chini yanautegemea. Maana yake ni kwamba gari sasa linakwenda asilimia 3.4 zaidi ya lilivyokuwa likienda mshale ukiwa palepale.

Matairi yanayoandikwa kwa mtindo wa 31x10.50R15 ni rahisi zaidi: namba ya kwanza ndiyo kipenyo kwa inchi, hapa milimita 787.4.

Nikiongeza saizi ya rimu, lazima mita ibadilike?

Hapana. Kinachohesabika ni kipenyo cha tairi zima. Angalia mfululizo huu unaotumika kwenye magari madogo: 195/65R15 ina kipenyo cha milimita 634.5, 205/55R16 ina 631.9, 225/45R17 ina 634.3, na 225/40R18 ina 637.2. Rimu imetoka inchi 15 hadi 18, na kipenyo kimecheza chini ya asilimia 1. Ukuta umepungua kadiri rimu ilivyokua. Ukibadilisha kwa utaratibu huu, mita iache ilivyo.

Kwani mita ya kiwandani ilikuwa sahihi?

Mara nyingi haikuwa, na haikukusudiwa iwe. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari, ambayo nchi nyingi zinaifuata, inakataza mita kusoma chini ya mwendo halisi hata kidogo, lakini inairuhusu kusoma juu hadi asilimia 10 ya mwendo halisi ukijumlisha kilomita 4 kwa saa. Kwa hiyo ukienda 100 halisi, mita inaweza kuonyesha kati ya 100 na 114 na bado ikawa halali. Mtengenezaji hawezi kujua kama tairi litakuwa jipya au limelika, hivyo anaiweka mita isome juu kidogo ili isije ikavunja kanuni.

Hili linabadilisha mambo mengi. Tuseme gari lako likionyesha 100 lilikuwa linakwenda 96 kwa matairi ya zamani. Funga yale makubwa kwa asilimia 3.4, na sasa likionyesha 100 linakwenda 99.3. Mita imekuwa sahihi kuliko ilipotoka kiwandani! Lakini kama matairi ni makubwa kwa asilimia 7.3, likionyesha 100 linakwenda 103. Hapo umevuka mstari, na marekebisho yanahitajika.

Napimaje kwa simu?

Pakua programu yoyote inayoonyesha mwendo kwa GPS. Haihitaji intaneti ili ipime, inahitaji kuona anga tu, kwa hiyo iweke karibu na kioo cha mbele. Nenda na mtu wa kuisoma. Dereva asome mshale pekee. Tafuta barabara iliyonyooka, tambarare, isiyo na magari mengi. Shikilia 60 kwenye mita kwa sekunde 10 au zaidi bila kuongeza wala kupunguza mafuta, mwenzako aandike namba ya simu. Rudia kwa 80, na kwa 100 ikiwa sheria ya barabara hiyo inaruhusu. Usichukue namba wakati gari linaongeza mwendo au linashika breki, kwa kuwa GPS huchelewa kidogo kuliko mshale.

Kisha linganisha. Kama tofauti inakua pamoja na mwendo, tuseme 3 kwenye 60, 4 kwenye 80, 5 kwenye 100, hilo ni suala la saizi ya tairi au la namba iliyowekwa kwenye gari. Kama tofauti ni ileile kila mahali, tuseme 4 na 4 na 4, mshale wenyewe umekaa vibaya kwenye mhimili wake, na kubadilisha namba za matairi hakutasaidia kitu.

Simu siiamini. Kuna njia nyingine?

Zipo mbili. Ya kwanza ni nguzo za kilomita kando ya barabara. Shikilia mwendo mmoja, hesabu sekunde kutoka nguzo hadi nguzo, kisha gawa 3600 kwa sekunde hizo. Sekunde 45 ni kilomita 80 kwa saa, sekunde 36 ni 100. Nguzo moja moja huweza kuwa zimekaa ovyo, hivyo pima kilomita 5 au zaidi mfululizo na ugawe.

Ya pili naipenda zaidi kwa sababu inalipima tairi lenyewe likiwa chini ya gari lako. Jaza upepo inavyotakiwa. Paka chaki pale tairi linapogusa ardhi, na uweke alama ardhini chini yake. Dereva akiwa kitini, lisukumeni gari polepole mpaka chaki irudi ardhini mara ya tano, weka alama nyingine, pima kwa tepu, gawa kwa 5. Fanya hivyo kwa tairi la zamani kabla halijafunguliwa, kisha kwa jipya.

Kwa nini kujisumbua wakati hesabu ya ubavuni ipo? Kwa sababu maandishi ya ubavuni ni saizi ya jina, na tairi halisi hutofautiana nayo. Mfano: gari lilikuwa na 235/75R15, ambalo kwa hesabu ni milimita 733.5, sasa limefungwa 31x10.50R15. Kwa hesabu tofauti ni asilimia 7.3. Lakini matairi ya mtindo wa inchi mara nyingi huwa mafupi kidogo kuliko yalivyoandikwa. Tuseme kwa chaki la zamani lilitembea mita 11.19 kwa mizunguko mitano, na jipya mita 11.82. Tofauti ya kweli ni asilimia 5.6. Ungerekebisha kwa 7.3, mita ingetoka kwenye kosa moja na kuingia jingine.

Usishangae ukiona umbali wa mzunguko mmoja ni mfupi kuliko kipenyo mara 3.14. Tairi linabonyea chini kwa uzito wa gari, na kwa tairi la radiali (lile lenye R kwenye namba za ubavuni) umbali halisi huwa karibu na kipenyo mara 3.05. Kwa kuwa la zamani na jipya yote yanabonyea, uwiano hauharibiki.

Na kilomita zinazohesabiwa, nazo zinapotoka?

Ndiyo, na hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi. Mshale na kihesabu cha kilomita hupokea mizunguko ileile, lakini ni mshale tu uliowekewa ziada kiwandani. Kihesabu kwa kawaida hukaa karibu na ukweli. Fundi akicheza na namba mpaka mshale ulingane na GPS kabisa, ile ziada anaihamishia kwenye kilomita, na kihesabu ndicho kinachoanza kusema uongo.

Ushauri wangu: rekebisha kwa uwiano wa matairi, usiifukuze namba ya GPS. Matairi yamekua asilimia 5.6, ongeza asilimia 5.6, basi. Mshale utarudi na ziada yake ya kiwandani, ukisoma juu kidogo, ambako ndiko kwenye usalama, na kilomita zitakuwa za kweli. Hakikisha kwa safari: linganisha kihesabu na umbali wa GPS kwa kilomita 20 au zaidi.

Tofauti ya kipenyo ya kiasi gani niiache tu?

Chini ya asilimia 3, iache. Kati ya 3 na 5, pima kwa GPS. Kama mita bado inasoma juu ya mwendo halisi au sawa nao, hakuna hatari, ila kumbuka kilomita zako zinapungua. Ikianza kusoma chini, au tofauti ikizidi 5, irekebishe bila kusubiri.

Gari langu ni la zamani, mita inaendeshwa na kebo. Inarekebishwaje?

Kwa gia, na ni kazi ya kupendeza. Aina hii ya mita inafuata wazo ambalo Otto Schulze wa Ujerumani alilisajili mwaka 1902: kebo inazungusha sumaku, sumaku inajaribu kuburuta kikombe cha alumini bila kukigusa, na springi nyembamba inakizuia. Kadiri kebo inavyozunguka haraka, ndivyo kikombe kinavyovutwa zaidi, na mshale umeshikamana nacho.

Kebo hiyo inatoka kwenye giaboksi. Chomoa mwisho wake, fungua kishikio chake, utatoa gia ndogo, mara nyingi ya plastiki, inayoenea kiganjani. Hesabu meno yake. Tairi likiwa kubwa, shafti (mhimili unaotoka kwenye giaboksi) inazunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita, kwa hiyo kebo inahitaji kuzunguka haraka zaidi kwa kila mzunguko wa shafti, na hilo linapatikana kwa gia yenye meno machache. Gawa meno kwa uwiano wako: meno 20 kwa 1.056 ni 18.9, basi tafuta gia ya meno 19. Ukikosea upande ukaweka 21, kosa linakuwa karibu mara mbili ya lilivyokuwa.

Unapoitoa gia, ikague. Meno yakiwa yamechongoka kama msumeno, mita ilikuwa inadanganya hata kabla ya matairi. Badilisha na oringi yake (pete ya mpira inayozuia oili), maana oili ya giaboksi ikipata njia hupanda ndani ya kebo hadi kwenye mita. Pia angalia kishikio kilikaa vipi kabla ya kukitoa: kwa baadhi ya magari kinageuzwa kulingana na idadi ya meno, na kikirudishwa ovyo, gia hizo hazishikani vizuri na ile ya plastiki inasagika.

Ukikosa gia ya meno unayotaka, vipo visanduku vidogo vya gia vinavyofungwa katikati ya kebo. Vinafanya kazi ileile kwa nafasi kubwa zaidi ya kuchagua uwiano.

Si afadhali fundi auchomoe mshale na kuusogeza kidogo?

Hapana, tafadhali. Kosa la tairi ni la asilimia, linakua na mwendo. Kwa asilimia 6, ni 3 kwenye 50 na 6 kwenye 100. Mshale uliosogezwa unaongeza kiasi kilekile kila mahali. Utakuwa sahihi kwenye mwendo mmoja tu, na gari likiwa limeegeshwa litakuonyesha linatembea.

Gari lina mita ya umeme, lakini sensa (kifaa kinachohisi mzunguko) iko kwenye giaboksi.

Sensa hiyo inatoa mapigo ya umeme kwa kila mzunguko wa shafti. Kuna kisanduku cha elektroniki kinachowekwa kwenye waya kati ya sensa na mita: kinapokea mapigo, kinayaongeza au kuyapunguza kwa asilimia unayochagua, kisha kinayapeleka mbele. Kabla ya kukata waya, soma mchoro wa umeme wa gari hilo ujue waya huo unakwenda wapi tena. Mara nyingi kompyuta ya injini na ya giaboksi nazo zinautumia, na kwa kawaida unataka zote zipate mapigo yaliyosahihishwa, kwa hiyo kisanduku kikae karibu na sensa, kabla waya haujagawanyika.

Na gari jipya linalotumia sensa za ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame wakati wa breki)?

Hapa usikate waya wowote. Kila gurudumu lina sensa yake, na breki zako zinategemea kulinganisha hizo nne. Marekebisho yanafanywa kwa mashine ya daignosisi, inayosoma kompyuta za gari: fundi anaingia kwenye kompyuta husika, anabadilisha saizi ya tairi au mzingo wake (umbali wa mzunguko mmoja) kwa milimita, anahifadhi, kazi imekwisha. Magari mengine yanakupa uhuru wa kuandika mzingo wowote, mengine yanakupa orodha fupi ya saizi ambazo kiwanda chenyewe kiliwahi kuzifunga. Kama yako haimo, chagua iliyo karibu zaidi, ukiegemea ile itakayoifanya mita isome juu.

Mwambie fundi ahifadhi namba za zamani kabla ya kuandika mpya, na uzipige picha.

Kuna kingine kinachoathirika zaidi ya mita?

Kipo. Gari la otomatiki huamua wakati wa kubadili gia kwa kutazama mwendo, na ukifunga matairi makubwa gia hupandishwa gari likiwa na mwendo wa juu zaidi kuliko kompyuta inavyodhani. Kruzi kontroli, inayoshikilia mwendo bila wewe kukanyaga mafuta, nayo inashikilia mwendo wa uongo. Hayo mawili yanarekebishika pamoja na mita. Lakini uzito unaousikia gari likipanda mlima haurekebishiki kwa mashine: tairi kubwa ni sawa na kuendesha kwa gia ndefu zaidi, na dawa yake ni kubadilisha uwiano wa difu (gia za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu).

La mafuta linahitaji uangalifu. Watu husema matairi makubwa yanakunywa mafuta, na kweli ni mazito. Ila sehemu ya lawama ni hesabu tu. Mita ikisema kilomita 500 na umetumia lita 50, unapata kilomita 10 kwa lita. Kwa matairi makubwa kwa asilimia 3.4 ulikwenda kilomita 517, yaani 10.3 kwa lita.

Nikibadilisha uwiano wa difu, mita inaguswa?

Ikiwa mita inahesabu kwenye giaboksi, ndiyo, na kosa linaweza kuwa kubwa kuliko la matairi. Ikihesabu kwenye magurudumu kwa sensa za ABS, hapana.

Naweza kubadilisha matairi mawili tu?

Kama gari lilitoka kiwandani na saizi moja mbele na nyuma, usichanganye. Kompyuta itaona magurudumu mawili yanazunguka haraka kuliko mengine na kudhani yanateleza. Taa ya ABS inaweza kuwaka, au breki zikaingilia bila sababu. Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne hali ni mbaya zaidi, kwani tofauti ya mizunguko kati ya mbele na nyuma inaishia ndani ya gia zinazogawa nguvu, na zinachemka hadi kuharibika.

Taa ya upepo wa tairi imewaka baada ya kufunga matairi mapya, na upepo umejaa.

Baadhi ya magari hayana kipimo cha upepo ndani ya tairi. Yanalinganisha mizunguko, kwa kuwa tairi lililopungua upepo huzunguka haraka kidogo. Weka upepo sawa kwenye yote manne, kisha bonyeza kitufe au ingia kwenye menyu ya kuanzisha upya, ili gari lijifunze matairi mapya.

Tairi kuisha kashata (miinuko ya mpira inayogusa barabara) kunabadilisha mita?

Kunabadilisha. Tairi jipya lenye kina cha milimita 8 likilika hadi 1.6, kipenyo kinapungua milimita 12.8. Kwa tairi la 205/55R16 hiyo ni asilimia 2, na mita inasoma juu zaidi. Kwa hiyo usipime la zamani likiwa limelika na jipya likiwa na kashata zote kisha ukaamini tofauti yote ni ya saizi. Kama la zamani limelika, tumia hesabu ya ubavuni kwa upande huo, yaani kipenyo mara 3.05.

Kurekebisha mita si sawa na kurudisha nyuma kilomita?

Si sawa, na ni vizuri uwe na uwezo wa kulionyesha hilo. Marekebisho haya yanagusa namna kilomita zijazo zinavyohesabiwa. Zilizokwisha kuhesabiwa hayazigusi. Kuzifuta au kuzipunguza zile ni udanganyifu kwa atakayelinunua gari. Andika tarehe, kilomita zilizokuwa kwenye mita siku hiyo, saizi ya zamani, saizi mpya na uwiano uliotumia, na uiweke karatasi hiyo pamoja na kumbukumbu za sevisi.

Nikija kurudisha matairi ya zamani?

Rudisha na namba, au ile gia ya kebo, siku hiyohiyo. Ukisahau, mita itasoma juu: haitakuletea faini, lakini itaongeza kilomita ambazo gari halikwenda.